Mafuta ya Koko na Kiangazi cha Lubumbashi

Kiangazi cha Lubumbashi huanzia miguuni. Mwezi wa tano mvua ikishakatika, miundi ndiyo ya kwanza kupauka, kisha viwiko, kisha mgongo wa mikono. Ikifika Juni, watoto wanaandika majina yao kwa ukucha kwenye ngozi ya mapaja na maandishi yanasomeka vizuri kabisa. Mji wetu uko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, na usiku wa Juni na Julai baridi inaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Mchana jua linawaka, upepo mkavu unavuma kutoka kusini-mashariki, na mavumbi mekundu ya barabara yanaingia hadi chumbani. Mtu aliyekulia Kinshasa, kwenye joto la unyevu, akija huku mwezi wa saba anashangaa midomo yake inapasuka bila kuugua chochote.

Ndiyo maana msimu huu, ukikaa na akina mama kwenye soko la Kenya, mtaa wa hapahapa mjini, au kwenye ua wowote wa mtaa wa Katuba, mazungumzo hayachelewi kufika kwenye mafuta ya kujipaka. Wapo wa vazelini, wapo wa gliserini, wapo wanaoapa kwa losheni fulani yenye harufu ya maua. Na wapo sisi wa mafuta ya nazi, ambayo huku wengi tunayaita mafuta ya koko. Nimeyatumia kwa miaka mingi na nimewapaka watoto wa nyumbani kwetu. Nayapenda. Ndiyo sababu inaniuma nikisikia yanavyosifiwa kwa mambo yasiyoyaweza, halafu kazi yake halisi, ambayo anaifanya vizuri mtu yeyote mwenye kopo na beseni la maji, haielezwi.

Kazi yenyewe ni hii. Tabaka la juu kabisa la ngozi limejengwa kwa seli zilizokufa, zilizopangwa zikibanana, na kati yake kuna mafuta ya asili ya mwili. Ukuta huo ndio unaozuia maji ya ndani yasitoke ovyo. Hewa ikikauka, maji yanavukizwa haraka kuliko yanavyojazwa, seli za juu zinasinyaa, zinabanduka kingo, na hapo ndipo tunapoona ule weupe kama vumbi. Sasa, mafuta ya koko hayana maji hata tone moja. Ukiyapaka kwenye mguu uliokwisha kukauka, umefunga mlango na nyumba ni tupu: mguu utang'aa asubuhi, saa nne utauona unapauka tena, nawe utasema mafuta haya ni ya uongo. Ukiyapaka kwenye mguu ambao bado una unyevu wa kuoga, maji yale yanabaki chini yake na ngozi inayanywa taratibu.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalomwambia mtu anayeniuliza si aina ya kopo. Namuuliza anaogaje. Kwenye baridi ya Julai tunachemsha maji kwenye mbabula, jiko letu la makaa, na raha ya kumwagiwa maji ya moto mgongoni saa kumi na mbili asubuhi naijua. Lakini maji ya moto sana yanayeyusha mafuta ya asili ya ngozi na kuondoka nayo. Sabuni ya kipande, ile tunayofulia, inaongeza ukali: ngozi yetu kwa asili ina asidi kidogo, pH yake, kipimo ambacho namba ndogo ndiyo asidi zaidi, ikiwa karibu na 5, na sabuni ya namna hiyo inafika 9 au 10. Ukimsugua mtoto mwili mzima kwa sabuni hiyo na kitambaa kigumu kila siku ya kiangazi, hakuna kopo la dunia hii litakalomaliza kazi uliyoianzisha. Nyumbani kwetu maji ni ya vuguvugu, sabuni ni ya kuogea na inapita makwapani, sehemu za siri, miguuni na panapoonekana uchafu. Kwingine maji yanatosha. Kisha taulo linabonyezwa tu, halisugui, na kabla mtoto hajatetemeka tunampaka. Mafuta kidogo sana, kiasi cha ncha ya kijiko kwa mguu mmoja, yakisuguliwa kwanza viganjani hadi yayeyuke. Nyumba ambazo maji ya bomba yanakatika na mabidoni yanabebwa kichwani zinaweza kufanya hivi pia. Kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa, kikapitishwa mwilini, kinatosha kuipa ngozi unyevu kabla ya mafuta.

Kuna watu wanadhani haya ni mambo ya bibi zetu tu, hayajapimwa. Yamepimwa. Mwaka 2004 madaktari wa ngozi wa Ufilipino walichukua watu 34 wenye miguu mikavu, wakawagawa, wengine wakapaka mafuta safi ya nazi na wengine mafuta ya madini, yale yanayotokana na mafuta ghafi ya petroli, mara mbili kwa siku kwa wiki mbili. Matokeo yalilingana: miguu ya makundi yote mawili ilipata unyevu zaidi, na hakuna kundi lililodhurika. Mwaka 2014, nchini humohumo, watoto 117 wenye ukurutu wa wastani au mwepesi walifuatiliwa kwa wiki 8. Waliopakwa mafuta ya nazi walipungukiwa dalili kwa asilimia 68 kwa wastani, waliopakwa mafuta ya madini kwa asilimia 38. Ufilipino ni nchi ya minazi, na mtu anaweza kusema wanavutia kwao. Hata hivyo vipimo ni vipimo, na namba hizo zinafanana na ninayoyaona kwa macho.

Nayaona kwa mtoto wa mdogo wangu. Ana ukurutu tangu hajatembea: nyuma ya magoti, mikunjo ya viwiko, shingoni. Kiangazi kikianza, usiku anajikuna hadi shuka linapata damu. Tumeyapitia mengi pamoja naye, na mafuta ya koko ndiyo yaliyobaki kuwa ya kila siku, asubuhi na jioni, hata ngozi inapoonekana nzuri. Hapo kwenye "hata" ndipo wazazi wengi wanapokwama. Wanapaka mtoto anapowashwa, wanaacha anapopoa, wiki ya pili wanaanza upya. Ukurutu unataka ukuta wa ngozi ushikiliwe siku zote. Asidi ya lauriki, ambayo ni karibu nusu ya mafuta ya nazi, ina uwezo wa kupunguza baadhi ya bakteria wanaopenda kukaa kwenye ngozi yenye ukurutu, na hilo pengine linaeleza kwa nini watoto wale wa Ufilipino walipata nafuu zaidi. Ila ngozi ikitoa usaha, ikiwa na maganda ya rangi ya asali, ikiwa ya moto, au mtoto akipata homa, kopo linawekwa kando na mtoto anapelekwa kwa daktari siku hiyohiyo. Mafuta juu ya kidonda chenye usaha ni kupoteza muda wa mtoto.

Vazelini nayo naiheshimu. Kwa kuzuia maji yasitoke, hakuna mafuta ya mmea yanayoifikia. Kwenye visigino vyenye magaga ya kuingiza sarafu, mimi mwenyewe natumia vazelini usiku, juu yake soksi. Haiozi, haina harufu, bei yake ni ndogo. Mama mwenye franka chache anayenunua vazelini tupu hajakosa chochote, na asimruhusu mtu amwaibishe eti hatumii kitu cha asili. Ninachokipenda kwenye koko ni wepesi wake: yanatandazika, hayanati kama vazelini, mtoto hagombani nawe, na kitu ambacho mtoto hagombani nacho ndicho kitakachopakwa kila siku.

Sasa nije kwenye kopo lenyewe, maana hapa Lubumbashi linachanganya watu. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Dar es Salaam, yanakotoka mengi ya yale yanayouzwa kwetu baada ya kuvuka Zambia na kuingia Kasumbalesa, ni maji karibu mwaka mzima. Yakifika kwetu mwezi wa saba, asubuhi ni meupe na magumu, saa nane mchana nusu yamelainika, jioni yamerudi kuganda. Nimesikia mteja akimrudishia mama muuzaji chupa yake: "Mama, iyi mafuta imeharibika, angalia imekuwa kama mafuta ya ng'ombe." Haikuwa imeharibika. Ingekuwa ya kutilia shaka kama ingebaki maji asubuhi ile. Hiki ndicho kipimo ambacho baridi yetu inatupa bure na watu wa pwani hawana: asubuhi ya Julai, mafuta ya koko matupu lazima yagande chupa nzima. Yakibaki maji, ama yamechanganywa na mafuta mengine, ama yametengenezwa kiwandani kwa kuondolewa sehemu inayoganda, na sehemu hiyo ndiyo yenye asidi ya lauriki nyingi. Yakigawanyika, chini yameganda na juu yanaelea mafuta ya njano hata saa moja asubuhi, mimi siyanunui.

Pwani wanayatengeneza kwa njia mbili kubwa. Nazi mbichi inakunwa kwenye mbuzi, machicha yanakamuliwa tui, na tui linachemshwa taratibu hadi maji yaishe na mafuta yajitenge; haya yana harufu ya nazi yenyewe. Au nazi inakaushwa kuwa mbata, mbata inakamuliwa kwa mashine, na mafuta yanasafishwa hadi yakose harufu na rangi. Kwa kulainisha mguu uliopauka, tofauti ya hizo mbili ni ndogo kuliko tofauti ya bei zake. Anayependa harufu alipie harufu.

Kwetu Katanga minazi haistawi; Kongo hii minazi ya kweli utaikuta kule Muanda, baharini. Lakini tuna mchikichi, na hapo kuna jambo ninalotamani lisemwe kwa sauti zaidi. Tunda la mchikichi linatoa mafuta mawili. Nyama yake ya nje inatoa mawese, yale mekundu ya kupikia sombe, majani ya muhogo. Ndani kuna kokwa ngumu, na kiini cha kokwa hiyo kinatoa mafuta mengine kabisa, ambayo kwa muundo wake ni ndugu wa tumbo moja na mafuta ya nazi: yana asidi ya lauriki karibu kiasi kilekile, yanaganda kwenye baridi vilevile, yanalainisha vilevile. Kambo wangu, mzazi wa mzazi wangu, aliyatengeneza uani. Kokwa zilipondwa kwa jiwe, viini vikakaangwa kwenye sufuria hadi viwe vyeusi, vikatwangwa, vikachemshwa kwa maji mengi, na mafuta yaliyoelea juu yakaenguliwa kwa kijiko. Yalikuwa ya kahawia iliyokolea, na harufu yake ya moshi ilikaa kwenye shuka wiki nzima. Watoto wachanga wote wa ukoo wetu walipakwa hayo, mwili na nywele, na hatukuwa na mtoto wa kupauka.

Leo vijana wengi hawayataki kwa sababu ya ile harufu, na nawaelewa, kwenye basi si jambo dogo. Lakini harufu inatokana na kukaanga, si kwenye mafuta yenyewe. Viini vikikaushwa juani na kukamuliwa bila kukaangwa, yanatoka mafuta mepesi ya rangi ya njano hafifu ambayo mtu asiyejua hatayatenganisha na koko mguuni. Dunia ilishajua hili zamani. Mwaka 1911, mwaka mmoja baada ya mji wetu kuanzishwa kwa jina la Élisabethville, serikali ya Ubelgiji ilimpa mwenye kiwanda cha sabuni wa Uingereza, William Lever, maeneo makubwa ya michikichi ya Kongo, na kituo kikuu cha kule Kwilu kikaitwa Leverville, ambacho leo ni Lusanga. Watu walilazimishwa kupanda na kukata ngazi, matunda ya mchikichi, ili Ulaya ioge. Mchikichi wetu ulisafisha na kulainisha ngozi za watu wa mbali kwa miongo mingi. Ninapoona dada zetu wanabana bajeti ya chakula wanunue chupa ndogo ya mafuta ya nazi iliyoandikwa Kiingereza, wakati kwenye masoko ya mkoa wa jirani viini vya ngazi vinatupwa, nasikitika kwelikweli. Vikundi vya akina mama vikipata mashine ndogo ya kuvunjia kokwa na kukamulia, hii ni biashara inayoweza kusimama.

Kuna jambo lingine ambalo silichukulii kwa upole. Kwenye meza zile zile zinazouza mafuta ya koko kuna makopo yenye picha ya nazi ambayo ndani yake nazi ni ya kutafuta. Kuna pia yanayochanganywa nyuma ya duka: mafuta ya koko, mrija wa krimu ya hospitali, chupa ya "klaa," vinakorogwa pamoja na kuuzwa kama mafuta ya "kung'arisha." Rafiki yangu mmoja aliuziwa kopo la namna hiyo kwa maneno matamu: "Yaya, iyi ni ya asili, haina kintu ingine." Baada ya miezi uso wake ulikuwa umeng'aa kweli, halafu mishipa ikaanza kuonekana mashavuni, chunusi zikajaa, na kila alipoacha kupaka uso uliwaka kama umemwagiwa pilipili. Hizo ni dalili za klobetasoli, dawa kali ya jamii ya kotikoidi ambayo daktari huiandika kwa siku chache kwa ugonjwa maalumu. Ikipakwa kila siku inaila ngozi unene wake, inaacha mistari isiyofutika, na kidonda kinachelewa kupona. Haidrokinoni nayo, dawa ya kuchubua ngozi, ikitumika muda mrefu, inaweza kugeuza mashavu kuwa na weusi wa bluu ambao ni mgumu sana kuutoa. Madaktari wa Afrika Kusini waliueleza tangu mwaka 1975. Na zebaki, ambayo bado inakutwa kwenye baadhi ya krimu za kuchubua, inaingia mwilini na kudhuru figo.

Mafuta ya koko hayang'arishi rangi ya mtu. Hayajawahi. Yanaweza kuondoa upaukaji, na ngozi iliyoacha kupauka hurudisha mwanga vizuri zaidi, basi. Ukipaka kitu kinachoitwa koko na baada ya wiki tatu mikono yako ni meupe kuliko vifundo vya vidole, kuna dawa ndani. Usiache ghafla kwa siri wala usiongeze kingine juu yake. Nenda kwa daktari wa ngozi na kopo lako mkononi.

Upungufu wake mwingine nautaja haraka. Usoni, kwa wenye ngozi ya mafuta, yanaziba vinyweleo na kuleta chunusi. Mimi usoni siyapaki. Kichwani, mwenye mba yenye kuwasha ajihadhari, maana fangasi wanaohusika na mba hiyo wanajilisha mafuta, nayo ya koko yamo. Mavumbi yetu yanapenda ngozi yenye mafuta, kwa hiyo asubuhi ni kidogo mno na jioni ndiyo kupaka kwenyewe. Na kola za mashati meupe ya shule, mama yeyote anajua: mpake mtoto shingo, msubiri anywe chai, ndipo avae.

Wale wanaoota moto wa mbabula wakiweka miundi karibu na makaa kila jioni, wataona siku moja michoro ya kahawia kama wavu kwenye ngozi. Hiyo inatoka kwenye joto lenyewe, na mafuta hayaifuti. Sogea nyuma.

Kuhusu jua, naomba nisikilizwe na wazazi wenye watoto albino hasa, kwa sababu nimeona mtoto akipakwa mafuta ya koko saa tatu asubuhi kisha akapelekwa sokoni bila kofia. Mama yake alimpenda, hilo halina shaka. Alikuwa ameambiwa mafuta haya yanakinga. Hayakingi kiasi cha kumfaa mtoto yule. Kiangazi chetu kinadanganya, hewa ni baridi na mbingu haina wingu, kumbe mionzi ya jua kwenye mwinuko huu ni mikali. Mtoto huyo anahitaji kofia yenye ukingo mpana, mikono mirefu, kivuli kuanzia saa nne hadi saa tisa, na krimu halisi ya kukinga jua yenye kipimo cha kinga (SPF) cha 30 au zaidi, inayopakwa tena kila baada ya saa mbili akiwa nje. Mafuta ya koko apakwe jioni, akishaoga, kama watoto wengine.